Daftari la Ulimwengu wa Kubuni: Kuhariri Mafaili ya Hifadhi na Kupunguza Kusuasua katika Mchezo wa Space Engineers, 2013–2019

1.0 Utangulizi

Tarehe 23 Oktoba 2013 kampuni ya Keen Software House ya Prague, Jamhuri ya Cheki, ilianza kuuza mchezo wa kompyuta uitwao Space Engineers ukiwa bado haujakamilika. Katika umbo lake la awali mchezo huo haukuwa na hadithi ya kufuata wala hatua ya mwisho ya kufikia. Mchezaji alipewa anga, asteroidi na bloku za kujengea vyombo na vituo; alichokijenga ndicho kilichokuwa mchezo wenyewe. Kwa sababu hiyo, ulimwengu wa mchezo ulikua kwa kazi ya wachezaji, na kila kilichoongezwa kilibaki humo hadi kiharibiwe au kifutwe. Ulimwengu ulipokua kupita kiasi, kompyuta ilishindwa kuubeba: picha zilikatikakatika, vyombo vilijikokota, na amri ya mchezaji ilichelewa kutekelezwa. Hali hiyo ndiyo inayoitwa kusuasua katika makala hii.

Wachezaji walikuwa na njia kadhaa za kukabiliana na tatizo hilo. Makala hii inachunguza mojawapo, nayo ni kufungua faili la hifadhi nje ya mchezo na kuondoa baadhi ya vilivyoandikwa humo. Kwa juujuu, kazi hiyo ni ya kiufundi tu. Hata hivyo, makala inajenga hoja kwamba kuhariri faili la hifadhi kulikuwa pia kitendo cha utawala, kwa kuwa kulimtaka mhariri aamue kipi ni taka na kipi ni mali, na kumfanya mwamuzi wa kazi za wengine. Kati ya mwaka 2013 na tarehe 28 Februari 2019, mchezo ulipotoka katika kipindi cha majaribio, sehemu kubwa ya uamuzi huo ilihama kutoka kwa mtu aliyeshika faili na kuingia katika kanuni zilizoandikwa ndani ya mchezo. Uhamisho huo ulipunguza uonevu wa aina moja na kuzaa upofu wa aina nyingine.

2.0 Usuli: Faili Linalosomeka na Binadamu

Space Engineers haukuwa mchezo wa kwanza wa ujenzi wa anga kuwaachia wachezaji daftari lake likiwa wazi. Tarehe 24 Juni 2011 kampuni ya Squad ya Jiji la Mexico ilikuwa imetoa hadharani toleo la kwanza la Kerbal Space Program, mchezo uliobuniwa na Felipe Falanghe. Hali ya ulimwengu wa mchezo huo ilikuja kuhifadhiwa katika faili liitwalo persistent.sfs. Faili hilo lilikuwa matini ya kawaida, na mtu yeyote mwenye kihariri matini aliweza kulifungua na kulisoma. Kila chombo kilikuwa na fungu lake kati ya mabano, na ndani ya fungu hilo mliandikwa jina la chombo, aina yake, vipimo vya obiti yake na orodha ya vipande vyake. Kipande cha roketi kilichotupwa angani baada ya mafuta kuisha kiliandikwa kuwa mabaki, na kiliendelea kuwemo katika daftari muda mrefu baada ya mchezaji kukisahau.

Matatizo mawili yanahitaji kutenganishwa hapa. Katika Kerbal Space Program, hesabu kamili ya fizikia ilifanyika kwa chombo kilichokuwa mbele ya mchezaji na kwa vile vilivyokuwa karibu nacho tu. Vya mbali viliendeshwa kwa hesabu nyepesi ya obiti. Mzigo mkubwa ulitokana na wingi wa vipande mahali pamoja, na saa ya safari kwenye kioo ilibadilika rangi kutoka kijani kwenda njano au nyekundu pale kompyuta iliposhindwa kwenda sambamba na muda halisi. Mabaki ya mbali yalikuwa na athari ya namna nyingine: yalirefusha faili, yalichukua nafasi katika kumbukumbu na kujaza orodha ya vitu vya kufuatilia. Waundaji waliweka kikomo cha mabaki, ambacho kwa kawaida kilikuwa 250, na mchezaji aliweza kukipunguza au kukiongeza.

Aliyefuta mafungu ya faili kwa mkono alikutana mapema na fundisho ambalo lingejirudia katika Space Engineers. Wanaanga wa mchezo waliandikwa katika orodha yao wenyewe, mbali na vyombo walivyopanda. Mhariri alipofuta chombo bila kugusa orodha hiyo, mwanaanga alibaki ameandikwa kuwa yuko safarini katika chombo kisichokuwepo. Mchezo ulipofunguliwa uliigundua hitilafu hiyo na kumhesabu mwanaanga kuwa amepotea. Daftari lilikuwa limeunganishwa ndani kwa ndani, na kukata ukurasa mmoja kulibadili maana ya ukurasa mwingine.

3.0 Chanzo cha Kusuasua katika Space Engineers

Neno kusuasua lilitumiwa na wachezaji kwa matatizo yaliyotofautiana. Kuna ucheleweshaji wa mtandao, unaotokana na safari ya taarifa kati ya kompyuta ya mchezaji na seva. Kuna pia udhaifu wa kadi ya michoro, unaopunguza idadi ya picha kwa sekunde. Tatizo linalohusika na faili la hifadhi ni la tatu, yaani kupungua kwa kasi ya uigaji. Space Engineers hukokotoa hali ya ulimwengu wake mara 60 kwa kila sekunde. Kompyuta ikiweza kutimiza hesabu hizo kwa wakati, kasi ya uigaji ni 1.0. Ikitimiza nusu yake, kasi ni 0.5, na dakika moja ya ulimwengu wa mchezo huchukua dakika mbili za saa ya ukutani. Katika seva, upungufu huo humpata kila mchezaji aliyeunganishwa, hata mwenye kompyuta bora kuliko zote.

Vyanzo vya mzigo huo vilitokana na sifa zilizoupambanua mchezo wenyewe. Bloku zilizoungana huunda kitu kimoja kiitwacho gridi. Bloku za gridi kubwa zina upana wa mita 2.5, na za gridi ndogo mita 0.5. Gridi iliyotulia haina gharama kubwa ya fizikia. Gridi inayogusana na nyingine huilazimisha injini ya fizikia ya Havok kukokotoa mgongano wao. Rota na pistoni huunganisha gridi mbili zinazoendelea kuhesabiwa kama vitu viwili, na viungo hivyo vilijulikana kwa kutetema hadi chombo kikasambaratika. Wachezaji walilipa tukio hilo jina la Clang na kulizungumzia kwa mzaha kama mungu mwenye hasira, jambo linalofanana na Kraken wa wachezaji wa Kerbal Space Program. Majina hayo yanaonesha jinsi hitilafu ya hesabu ilivyoingia katika masimulizi ya jamii ya wachezaji.

Chanzo kingine kilikuwa uchimbaji na vita. Mawe na madini ambayo hayakuingia ghalani yalibaki yakielea, kila kipande kikiwa kitu cha kufuatiliwa peke yake. Chombo kilipogongwa na kukatika, gridi yake iligawanyika, na kila kipande kilichojitenga kikawa gridi kamili yenye kitambulisho chake. Kwa hiyo pambano moja kati ya vyombo viwili liliweza kuacha makumi ya gridi ndogo ambazo hazikuwa na mwendeshaji. Ulimwengu wenye historia ndefu ya ujenzi na mapigano ulikuwa, kwa maana ya kikokotozi, ulimwengu mzito. Kusuasua kulikuwa gharama ya kukumbuka.

4.0 Muundo wa Faili na Kazi ya Mhariri

Katika kompyuta zinazotumia Windows, kila ulimwengu ulikuwa na kabrasha lake ndani ya kabrasha kuu la hifadhi. Mafaili mawili yalibeba taarifa muhimu zaidi. Sandbox.sbc lilihifadhi mipangilio, utambulisho wa wachezaji na makundi yao. SANDBOX_0_0_0_.sbs lilihifadhi vitu vyenyewe: gridi, vitu vinavyoelea na mahali pa kila kimoja. Maumbo ya asteroidi yalikuwa katika mafaili mengine yenye kiambishi vx2. Mafaili hayo mawili ya kwanza yaliandikwa kwa XML, mfumo wa kuandika data uliopitishwa na shirika la W3C mwaka 1998, ambao huweka kila taarifa kati ya alama ya kufungua na alama ya kufunga.

Uamuzi wa kutumia mfumo huo ulikuwa na matokeo ya kihistoria. Faili la XML ni refu na husomwa polepole kuliko faili la binari, lakini binadamu anaweza kulisoma. Mchezaji ambaye ulimwengu wake ulikwama kiasi cha kutofunguka hakuweza kwenda ndani ya mchezo kufuta kilichoukwamisha. Faili ndilo lililokuwa mlango pekee uliobaki. Utaratibu wa kazi ulikuwa wa tahadhari. Kwanza mchezo au seva ilizimwa, kwa kuwa ulimwengu uliokuwa wazi ungeandika upya faili na kufuta mabadiliko. Pili, kabrasha zima lilinakiliwa mahali pengine. Tatu, mhariri alitafuta fungu la kitu alichokusudia na kukiondoa chote, kuanzia alama yake ya kufungua hadi alama yake ya kufunga. Alama moja ikisahaulika, ulimwengu wote haukusomeka.

Katika matoleo ya baadaye liliongezwa faili la binari lenye taarifa zilezile ili kuharakisha upakiaji. Mchezo ulisoma faili hilo kwanza. Mhariri aliyerekebisha faili la XML na kuliacha la binari mahali pake alikuta vitu alivyovifuta vimerejea kama kwamba hakufanya lolote; ilimbidi afute nakala ya binari ili mchezo urudi kulisoma daftari lililohaririwa. Jambo hilo dogo linaeleza mvutano mkubwa zaidi. Kila hatua iliyoipunguzia mashine kazi ilimwongezea mhariri hatua, na kasi ya mashine ilipatikana kwa kusogea mbali na matini yanayosomeka na watu.

Si kila uhariri ulihusu ufutaji. Idadi ya juu ya vitu vinavyoelea iliweza kubadilishwa kwa kuandika tarakimu nyingine katika Sandbox.sbc. Programu huria ya SEToolbox iliwapa wasiopenda kusoma XML orodha ya vitu vya ulimwengu, ukubwa wake na mahali pake, na kuwawezesha kufuta bila kugusa matini. Programu ya namna hiyo iliwezekana kwa sababu faili lilikuwa wazi. Hata hivyo, ilifanya ufutaji uwe mwepesi kuliko uelewa. Rota, kwa mfano, iliandikwa pamoja na kitambulisho cha sehemu iliyoungana nayo katika gridi nyingine. Kufuta gridi moja bila kuchunguza rejeleo hilo kuliacha mtambo ulioelekeza kwenye kitu kisichokuwepo.

5.0 Taka au Mali: Mamlaka ya Msimamizi wa Seva

Maadamu mchezaji alikuwa peke yake, kufuta kulikuwa haki yake. Mambo yalibadilika mwaka 2014, programu ya seva ya kujitegemea ilipopatikana na ulimwengu mmoja ukawa makao ya watu wengi ambao hawakuwa mtandaoni wakati mmoja. Sasa aliyeshika faili alikuwa msimamizi wa seva, na vilivyoandikwa humo vilikuwa kazi za watu wengine. Methali husema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ulimwengu huu mali yenyewe ilikuwa daftari: chombo kilichoondolewa katika faili hakikuharibiwa, hakikuibwa wala hakikuacha mabaki. Mwenyewe aliporudi alikuta anga tupu, na ndani ya mchezo hapakuwa na alama ya kumwonesha kilichotokea.

Msimamizi aliyetaka kutofautisha taka na mali alikuwa na dalili tatu kuu. Ya kwanza ni jina. Gridi mpya ilipewa na mchezo jina la jumla lenye tarakimu, na gridi ambayo haikubadilishwa jina ilionekana haina mtu anayeijali. Ya pili ni umiliki ulioandikwa katika bloku zake. Ya tatu ni uhai wake wa kimitambo: kuwa na umeme, au kuwa na kinara kinachotangaza mahali kilipo. Baadhi ya seva zilifanya kinara kuwa sharti, na chombo kisichokuwa nacho kilihesabiwa kuwa kimetelekezwa.

Kila dalili ilikuwa na kasoro yake. Chukua mfano wa mchezaji anayehifadhi madini yake katika ghala dogo lililofichwa kati ya asteroidi. Hajalipa jina kwa kuwa jina humsaidia adui kulitambua. Hajaliwekea kinara kwa sababu hiyohiyo. Halina umeme kwa kuwa ghala halihitaji umeme kukaa. Kwa macho ya msimamizi anayesoma faili, ghala hilo halitofautiani na kipande cha meli iliyovunjika vitani. Chombo kilichoishiwa urani katikati ya safari kina sura hiyohiyo, ingawa mwenyewe anaweza kuwa njiani kukiletea mafuta. Sharti la kinara, lililowekwa kwa nia ya kulinda mali, liliwalazimisha wachezaji kuchagua kati ya kuonekana na adui na kufutwa na msimamizi.

Hata hivyo, msimamizi hakuwa na nafasi ya kutochagua. Seva iliyoachwa bila kufyekwa ilifikia kasi ambayo hakuna aliyeweza kuitumia, na mali ya kila mmoja ikakosa thamani kwa pamoja. Hapa kuna ulinganifu na kazi ya mtunza nyaraka. Idara ya nyaraka isiyochuja chochote hufurika hadi ikashindwa kumhudumia msomaji. Inayochuja bila vigezo hupoteza kile ambacho ingepaswa kukilinda. Tofauti ni kwamba mtunza nyaraka anatarajiwa kuacha kumbukumbu ya alichokitupa na sababu yake. Mhariri wa faili la hifadhi hakulazimika kuacha chochote.

6.0 Kutoka Mkono hadi Kanuni

Mwezi Mei 2015 Keen Software House, kampuni iliyoanzishwa na Marek Rosa, iliweka hadharani msimbo wa mchezo kwa masharti yaliyoruhusu watu kuusoma na kuutumia katika kutengeneza marekebisho ya mchezo huohuo. Uwazi uliokuwa katika faili la hifadhi sasa ulifika kwenye programu yenyewe. Sambamba na maboresho ya injini, vifaa vya usimamizi viliingizwa ndani ya mchezo: msimamizi aliweza kuorodhesha vitu vya ulimwengu na kuviondoa bila kuzima seva. Muhimu zaidi ni mfumo wa kuondoa taka kiotomatiki, ambao vigezo vyake vilihusu idadi ya bloku, umbali kutoka kwa mchezaji, kama gridi imetulia au inasogea, kama ina umeme, na kama ina mitambo ya uzalishaji au ya tiba.

Ukivisoma vigezo hivyo kwa jicho la mwanahistoria, unatambua humo maswali ya mhariri wa mkono. Ni kikubwa kiasi gani? Kiko mbali na watu? Kina uhai? Kina kazi? Kilichobadilika ni utaratibu. Kanuni hutumika kwa kila mmoja bila kujali urafiki wake na msimamizi, na inaweza kutangazwa kabla haijatekelezwa, kiasi kwamba mchezaji anajua afanye nini ili kazi yake inusurike. Huo ni ulinzi ambao uhariri wa faili haukuweza kuutoa. Lakini kanuni haiwezi kuuliza. Msimamizi mwenye subira aliyekuta gridi yenye jina la pekee aliweza kusita na kumtafuta mwenyewe. Mfumo wa kiotomatiki hausiti.

Mwaka 2018 ulileta hatua ya pili kwa utaratibu wa PCU, ambao uliipa kila aina ya bloku gharama yake ya kikokotozi na kuruhusu seva kumwekea kila mchezaji ukomo wa matumizi. Mabadiliko haya yalikuwa makubwa kuliko yanavyoonekana. Ufutaji, wa mkono na wa kiotomatiki, ulihukumu kazi baada ya kufanywa. PCU ilihamishia hukumu kabla ya ujenzi: mchezaji alijua bajeti yake na kuamua mwenyewe aitumieje. Swali la kipi ni taka halikuisha, ila sehemu yake kubwa ilirudishwa kwa mwenye mali.

Inaweza kudaiwa kwamba historia hii yote ni historia ya dawa za muda, na kwamba tiba halisi ya kusuasua ni msimbo bora na prosesa zenye nguvu zaidi. Dai hilo lina ukweli, kwani maboresho ya injini yaliongeza kiasi ambacho ulimwengu mmoja uliweza kubeba. Hata hivyo, katika mchezo ambao lengo lake ni kujenga, nafasi inayoongezwa ni mwaliko wa kujenga zaidi. Maboresho husogeza ukomo, hayauondoi. Maadamu ukomo upo, sharti pawepo anayeamua nini kibaki.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba kuhariri mafaili ya hifadhi katika Space Engineers kulianzia kwenye haja ya kiufundi na kuishia kwenye suala la mamlaka. Uwazi wa faili uliwapa wachezaji uwezo wa kuokoa ulimwengu ambao mchezo wenyewe haukuweza kuufungua. Uwazi huohuo, katika seva ya watu wengi, ulimpa mtu mmoja uwezo wa kuondoa kazi ya mwenzake bila ushahidi. Vifaa vilivyofuata vilibeba vigezo vinavyolingana na vya wahariri hao, vikaongeza usawa, na vikapoteza uwezo wa kusita.

Matokeo haya yana uzito pia kwa mtafiti anayetaka kutumia mafaili ya hifadhi kama chanzo cha historia ya jamii za mtandaoni. Faili lililonusurika linaonesha nani alijenga nini na wapi, na lina kishawishi cha kusomwa kama picha kamili ya ulimwengu uliokuwepo. Kwa kuwa faili halina kumbukumbu ya vilivyofutwa, usomaji huo ni wa hatari. Vita vilivyoacha mabaki mengi ndivyo vilivyoelekea kufyekwa kwanza, na wachezaji wa mara chache ndio ambao vyombo vyao vilifanana zaidi na taka. Ulimwengu uliosafishwa vizuri unaweza kuonekana wa amani na wa wachache kuliko ulivyokuwa. Kwa hiyo makala inapendekeza kwamba taasisi zinazohifadhi michezo ya kompyuta zikusanye, pale inapowezekana, nakala zilizotengenezwa na wahariri kabla ya kufuta, na zisiridhike na toleo la mwisho pekee. Nakala hizo zilikusudiwa kuwa kinga dhidi ya kosa la mhariri. Kwa mwanahistoria, kuzilinganisha na toleo lililohaririwa ni njia ya kujua nini kilitolewa ili ulimwengu uendelee kwenda.